Mkono wa Tatu na Mkono Uliobaki Korona

 

Nimeombwa nizungumzie sanaa inayoshughulika na mtu kuungana na mashine. Najua wapo waliojiuliza mada hiyo imefuata nini Pangani. Jibu langu ni kwamba hakuna mji katika mwambao huu ulio na haki zaidi ya kuisema. Ila kabla ya kufika huko, niwatajie mtu wa mbali.

Yuko msanii wa Australia, mzaliwa wa Saiprasi, anayejiita Stelarc. Kwenye mwaka 1980 alijitengenezea mkono wa tatu. Ulikuwa mkono wa chuma na nyaya, aliufunga kwenye mkono wake wa kulia, na uliendeshwa na umeme mdogo unaotoka katika misuli ya tumbo na miguu. Msuli ukikaza, vidole vya mashine hufumba. Mwaka 1982, mjini Tokyo, aliandika neno moja kwa mikono yote mitatu kwa wakati mmoja, kila mkono na herufi yake. Miaka mingi baadaye, 2007, alipandikizwa umbo la sikio chini ya ngozi ya mkono wa kushoto. Falsafa yake ni fupi: mwili wa binadamu umepitwa na wakati, tuuongezee.

Sina ugomvi na Stelarc. Ni jasiri, na kazi yake imewafungulia njia wengi. Lakini ukisoma vitabu vinavyoitwa historia ya sanaa ya mtu na mashine, utaona vingi huanzia kwake na kwa wenzake: watu wenye mikono miwili timamu wanaotamani wa tatu. Hadithi ikianzia hapo, mashine inakuwa zawadi ambayo mtu anajipa mwenyewe. Mimi naomba tuianzie ng'ambo ya mto huu wa Pangani.

Vukeni hapo Bweni, mshike njia ya kusini mpaka Kikogwe. Huko, mwaka 1893, ndiko ilikopandwa miche 62 ya mkonge. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliiagiza kutoka Florida kwa ajili ya kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, na katika shehena yote ni hiyo 62 tu iliyofika ikiwa hai. Yalikuwa yamepita kama miaka mitatu na ushei tangu Abushiri, aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani, anyongwe hapa Pangani, Desemba 1889. Kutoka katika miche hiyo Tanganyika ikaja kuwa nchi inayoongoza duniani kwa mkonge. Mwaka 1964 uzalishaji ulikuwa karibu tani 230,000.

Takwimu hizo kila mwanafunzi wa Tanga anazijua. Kinachosemwa kidogo ni namna jani linavyogeuka singa, yaani nyuzi, na hapo ndipo mada yangu ilipo. Jani la mkonge ni maji na nyama tupu: katika kilo 100 za majani unapata singa kilo 4 hivi. Lazima likwanguliwe, na likwanguliwe upesi baada ya kukatwa, kabla halijaanza kukauka na kuharibika. Mashine za mwanzo, raspadori, zilimtaka mfanyakazi alishike jani kwa mkono wake, alisukume kwenye gurudumu lenye visu butu linalozunguka kwa kasi, alivute, aligeuze, asukume upande wa pili. Jani moja, kisha jingine, kutwa nzima. Kisha ikaja korona ya Wajerumani, kubwa kama nyumba. Hiyo ililishika jani yenyewe kwa kamba na minyororo, ikalipitisha kwenye ngoma mbili za visu huku maji yakimwagwa kuosha nyama. Mtu hakulishika tena jani mpaka mwisho. Kazi yake ikawa kulisha.

Angalieni kilichotokea. Kwa raspadori, mashine ilimngoja mtu. Kwa korona, mtu ndiye anayekimbizana na mashine, na si yule tu aliyesimama mezani akitandaza majani. Mkataji aliye kilomita kadhaa shambani, anayefunga mafungu ya majani 30, naye ameshaunganishwa nayo ingawa haioni. Toroli linalosubiriwa, nyapara anayepiga kelele, kengele ya alfajiri kambini, kadi ya kipande yenye siku 30 za kujaza ndipo upate mshahara, vyote hivyo vilikuwa nyaya za mashine ile. Waliokuja kutoka bara, kutoka Msumbiji na kutoka Ruanda-Urundi, wakaitwa manamba. Na vidole vilipotea. Mikono ilipotea. Wapo kati yenu waliokua wakimwona babu au jirani mwenye mkono mmoja, na hakuna aliyehitaji kuwaambia uliopotea umebaki wapi.

Basi kama Stelarc na wenzake walifika kwenye mkono wa tatu, sisi tulianza na mkono uliopungua. Hilo silisemi ili tuhurumiwe. Nalisema kwa sababu linabadilisha swali. Stelarc anauliza: mwili unaweza kuongezewa nini? Mtu wa Kikogwe anauliza kwanza: mashine hii ni ya nani, na nani ameshika swichi?

Tena hata Ulaya walilijua swali hilo wakalisahau. Mwandishi wa Kicheki Karel Čapek alipoandika tamthilia yake ya R.U.R., iliyochapishwa 1920 na kuuletea ulimwengu neno roboti, viumbe wake hawakuwa wa chuma wala hawakuwa wa maonyesho. Walikuwa vibarua wa kiwandani. Walitengenezwa ili wafanye kazi bila kudai. Manamba wa maabara.

Je, sanaa yetu wenyewe iliizungumza korona? Nitakuwa mkweli: kwa uchache mno. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga miaka ya 1950 kabla hajaenda Dar es Salaam. Alipoanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi ya kung'aa ya aina ile ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya ubao laini, aliojulikana nao walikuwa chui, ndege, nyati na tembo. Mtu ametoka shambani ambako kila kitu kimepangwa kwa mstari, anachora mnyama ambaye hakuna nyapara anayeweza kumpanga. Wamakonde nao wengi walivuka Ruvuma wakaingia mashambani kabla ya kurudi kwenye tindo. Katika miaka ya 1950 ndipo ulipozaliwa mtindo wa shetani, na Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wake: miili yenye jicho moja, mkono mmoja, kiungo kimoja kikimeza kingine. Ningependa sana kuwaambia kwamba mikono ile iliyopungua ilitoka korona. Sina ushahidi huo, na mhadhiri anayelazimisha ushahidi ni heri akae kimya. Nasema tu kwamba vitu hivyo viwili vilikaa jirani, katika nchi moja na kizazi kimoja.

Walioisema kwa uwazi wamekuja baadaye. Nitawataja watatu.

Wa kwanza ni Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972 na kusomea uchongaji Yale. Anakata picha kutoka magazeti ya mitindo, ya pikipiki, vitabu vya tiba na picha za zamani ambazo Wazungu waliwapiga wanawake wa Kiafrika, kisha anazibandika na kuzipaka rangi mpaka anatokea mwanamke mmoja ambaye hujui nyama yake inaishia wapi na injini inaanzia wapi. Wengi hukimbilia kusema ni wanawake wa wakati ujao. Mimi naona ni wa wakati uliopita. Mwaka 2001 alifanya mfululizo wa picha za wanawake wanaojitokeza kwa madaha kama warembo wa kalenda; ukisogea karibu unaona huyu hana mkono, yule hana mguu. Alikuwa akiifikiria vita ya Sierra Leone na almasi zake. Pikipiki zilizofuata katika kazi zake, kwa macho yangu, zinakaa mahali pa viungo vile. Mwaka 2019 alipewa kuta za mbele za jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, ambako vibanda vya sanamu vilikuwa vitupu tangu jengo lile la mbele likamilike mwaka 1902. Akaweka wanawake wanne wa shaba nyeusi, waliovikwa mizunguko mwili mzima, wenye visahani vinavyong'aa kama vioo kichwani au usoni. Wamekaa na kutulia. Hawajabeba chochote, wala hawajaushikilia ukuta kama sanamu za wanawake wa majengo ya Ulaya zinavyofanya.

Wa pili ni Wanuri Kahiu, naye Mkenya, na filamu yake fupi ya mwaka 2009, Pumzi. Haifiki nusu saa. Dunia imekauka baada ya vita vya maji, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, na umeme wao wanauzalisha wenyewe: wanakimbia na kuvuta makasia kwenye mashine za mazoezi, zamu kwa zamu. Jasho na mkojo vinakusanywa, vinasafishwa, vinanywewa tena. Asha, mhusika mkuu, akiota ndoto ya mti, mashine inamwamuru ameze kidonge cha kuzuia ndoto.

Watazamaji wa mbali waliisifu kama hadithi ya mazingira. Mtu wa Tanga akiitazama anaona kambi. Chakula kwa kipimo, zamu, na mwili uliounganishwa na gurudumu kwa faida ambayo hauioni. Nasi hapa tunaishi na mto ambao umeunganishwa hivyo hivyo: bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Hale iliyoanza mwaka 1964 na megawati 21, kisha mitambo mipya ya Maporomoko ya Pangani, megawati 68, mwaka 1995. Maji yaliyozungusha mitambo yote hiyo ndiyo yanayotufikia hapa mdomoni, yamechoka, na bahari inazidi kupanda mtoni. Kahiu amefanya jambo moja la ujanja: amehamisha mtambo kutoka mtoni akauweka katika mapaja ya watu, ili tuone gharama. Na Asha anapotoroka kwenda kupanda mbegu jangwani, maji anayoimwagilia ni ya mwili wake, mpaka tone la mwisho. Ni maji yaliyotolewa na mwenyewe kwa hiari yake.

Wa tatu ni wawili: Saul Williams, Mmarekani, na Anisia Uzeyman, Mnyarwanda, na filamu yao ya nyimbo, Neptune Frost, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2021. Imepigwa Rwanda, na Kiswahili ni moja ya lugha zinazozungumzwa ndani yake. Inafungua kwenye machimbo ya koltani, madini yanayoingia katika simu. Kijana anasimama kidogo, ananyanyua jiwe alitazame, na anapigwa mpaka anakufa kwa kosa la kusimama. Ndugu yake anakimbia, na wanaokimbia kama yeye wanajenga kijiji cha vipande vya kompyuta zilizokufa, wakavaa nyaya na vibonye, wakaingia katika mitambo ya dunia nzima. Filamu ina mahali inapopotea njia, nyimbo ni nyingi kuliko hadithi, na anayetaka kuelewa kila kitu atachoka. Lakini ile dakika ya jiwe haijapata kusemwa vizuri zaidi. Kabla simu haijawa sehemu ya mkono wako, ilikuwa sehemu ya mkono wa mtu mwingine.

Hapa mtaniuliza: kwani sisi tumekuwa watu wa kupoteza viungo tu? Hatujawahi kuungana na mashine tukafurahi?

Tumewahi, na zaidi ya yote kwa sauti. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay, akaimba mbele ya mashine ya kurekodi, na kwa mara ya kwanza mtu wa mwambao huu aliweza kusikika Tanga hali mwili wake uko Zanzibar. Aliyeandika wasifu wake ni Shaaban Robert, mtu wetu, aliyepata kuwa karani wa forodha katika mji huu. Kuanzia miaka ya 1960 Black Star, na kisha Lucky Star, wa Tanga mjini walifanya jambo ambalo wenye taarabu ya udi na fidla walilionea shaka: waliingiza gita la umeme na besi. Na mmoja wa waliosimama mbele ya magita hayo alikuwa mzaliwa wa Pangani, Bi Shakila Said, aliyetutoka mwaka 2016. Isikilizeni sauti yake katika rekodi za wakati ule. Gita halimpandi juu. Kipaza sauti kimemruhusu aimbe karibu na chini, kama mtu anayemsuta jirani dirishani, na bado ukumbi mzima umsikie. Mwimbaji wa zamani asiye na kipaza sauti asingeweza kunong'ona mbele ya harusi ya watu mia tano. Huo ndio mkono wa tatu wa Bi Shakila.

Najua wazee hawapendi nikitoka kwake niende kwenye muziki wa singeli, lakini vijana wananitazama. Singeli imezaliwa Dar es Salaam, mitaa ya Manzese na jirani zake, juu ya mabega ya muziki wa mchiriku na vinanda vyake vya bei rahisi. Mwenye kompyuta anachukua kipande cha taarabu au cha muziki wowote, anakikimbiza hadi mapigo 200, hata 300 kwa dakika, na kijana anasimama mbele yake akitema maneno kwa kasi hiyo hiyo kwa mdomo wake mwenyewe. Mwaka 2017 nyimbo za studio ya Sisso zilitolewa na kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na tangu hapo vijana hao wamepiga Ulaya. Wazungu wanaisikia kama sauti ya kesho. Mimi nikimtazama kijana yule anavyopumua namwona mlishaji wa korona, kiumbe cha nyama anayekimbizana na kitu kisichochoka. Mwendo ni uleule. Tofauti ni kwamba swichi iko mezani kwa rafiki yake, na wimbo ukimshinda anacheka, anasema rudisha.

Tofauti hiyo ndogo ndiyo yote ninayodai leo, na ndiyo nitakayoipimia sanaa yoyote ya aina hii. Sitauliza imeunganisha chuma kiasi gani na nyama. Nitauliza kama imenionyesha swichi.

Maana korona mpya imeshafika, na haina kelele. Januari 2023 gazeti la Time liliripoti kwamba vijana wa Kenya walioajiriwa kupitia kampuni ya Sama, kwa malipo yasiyofika dola 2 kwa saa, walikuwa wakisoma na kuainisha maandishi ya ukatili na uchafu ili akili mnemba ya OpenAI ijifunze kuyakwepa. Nyama inatupwa, singa inabaki, na singa ndiyo inayosafirishwa. Sauti zetu nazo zinakusanywa. Wapo wanaojitolea kusoma sentensi za Kiswahili ili mashine zijifunze kutusikia, na hilo nalipenda, maana mashine isiyotusikia haitutendei haki. Lakini kijana wa Pangani anayetoa sauti yake ana haki ya kuuliza inakwenda wapi, kama babu yake alivyokuwa na haki ya kuuliza marobota yanakwenda wapi.

Nitaje na jambo jingine, kwa sababu halipewi jina la sanaa ingawa linastahili. Juu kabisa ya mto huu, Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoanzishwa mwaka 1981. Wanafunzi wametoka nchi nyingi za Afrika. Wanapima kisiki cha mguu, wanamimina plasta, wanachonga, wanamvalisha mtu, wanamtazama akitembea, wanamvua, wanachonga tena. Mguu huo hauongezei mtu chochote alichokuwa hana. Unamrudishia njia ya kwenda shamba. Sijaona maonyesho ya sanaa, Dar es Salaam wala kwingineko, yaliyowaalika mafundi hawa wakae meza moja na wachongaji wa Kimakonde, na ningependa kuyaona kabla sijafa.

Sasa ombi langu, na nalielekeza kwenu kabla halijaelekezwa serikalini. Mashamba mengi yamekufa au yamebadilisha mitambo, na chuma chakavu kina bei. Wenye mashamba, mkiwa na korona iliyosimama, msiiuze yote kwa mizani. Ileteni moja mjini hapa, iwekwe uwanjani karibu na Boma, bila kupakwa rangi, na wasanii wa Tanga wapewe ruhusa ya kuifanyia kazi. Na nyinyi wenye kadi ya kipande ya baba, picha ya kambi, au jina la aliyeumia na mwaka alioumia, mpelekeeni mwalimu wa historia wa shule iliyo karibu nanyi ayaandike. Walimu wako hapa, wamenisikia, na hawawezi kusema hawakuambiwa.